Yowe la Truphosa

Josiah alifariki Jumatatu, na hadi Alhamisi mjane wake hakuwa ametoa hata chozi. Truphosa alikaa kwenye sofa nyumbani kwao Vällingby, ugenini kwa Waswidi, mikono mapajani, akiwatazama waombolezaji wakinywa chai. Alitaka kulia. Si kwa ajili ya macho ya watu tu. Alitaka kumlilia mumewe kama mke anavyomlilia mume. Lakini ndani yake mlikuwa na ganzi tupu.

Penye wengi pana mengi, na watu walishaanza kunong'ona. Kwao Kakamega mjane ndiye hufungua kilio, wengine wakafuata. Basi chumba kizima kilikuwa kinamngoja yeye, na sukari ilikuwa inaisha.

Lorraine, dadake marehemu, aliyekuja na chapati zake kutoka Tumba, ng'ambo ya mji, akamwinamia sikioni.

"Wifi, toa sauti hata kidogo. Hawa wakitoka hapa watasema ulikuwa unangoja afe."

"Haitoki, wifi. Nimejaribu."

Hakudanganya. Sauti hiyo ilimtoka mara moja tu maishani, na Waswidi wakaichukua.

Alikuwa msichana wa kwaya, mgeni mjini, alipoitwa na vijana wanne wapiga magitaa waliotaka sauti ya kike katika wimbo wao. Josiah, wakati huo mchumba wake, alimfuata hadi studio na habari za nyumbani: mama yake Truphosa amefariki, na anazikwa kesho. Hakukuwa na namna ya kuwahi. Truphosa alipiga yowe palepale mbele ya kipaza sauti, na kanda ilikuwa inazunguka. Mikael, kiongozi wa bendi, alikuja mbio anacheka. "Vigelegele vya Kiafrika! Hivyo hivyo!" Wakaliweka yowe mwanzoni, kabla gitaa halijaunguruma. Walipomuuliza kama anakubali, aliitikia kwa kichwa. Aliyekufa ganzi hukubali chochote.

Wimbo ukashika nchi. Hadi leo hakuna harusi wala mechi ya hoki inayopita bila yowe lile, na watu wazima na akili zao huliiga mikono ikiwa juu. Afadhali wangemwibia mbuzi. Josiah pekee ndiye aliyejua kuwa ni kilio. Kila wimbo ulipoanza, mkono wake ulikuwa wa kwanza kufika redioni. Hawakuwahi kulizungumza, alizima tu, kisha akauliza kama chai ipo.

Ilikuwa Juni, madirisha wazi. Lori la wanafunzi waliomaliza shule likapita barabarani, kofia zao nyeupe za kuhitimu zikirukaruka, spika zikitetemesha vioo. Yowe likaingia chumbani.

Elsa, mjukuu wake, akakimbilia dirishani kwa aibu. "Mormor, ska jag stänga?" Nifunge, bibi?

Truphosa alikuwa anakitazama kiti cha Josiah kando ya redio, akingoja. Yowe likapanda, refu, la mtoto asiyeweza kufika mazishini. Lorraine, aliyewahi kuucheza wimbo huo mara ngapi sijui, akaweka kikombe chini.

"Huyo mwanamke hashangilii," alisema polepole. "Huyo amefiwa."

"Ni mimi," Truphosa akasema.

Gitaa likaingia. Mkono wa Josiah haukuja kuzima. Hapo ndipo Truphosa alipofahamu kwamba hautakuja tena, akapiga yowe, na Lorraine akampokea kwa yowe lake.