Neno la Kumfukuzia Kuku

Kocha Tadei hakukalika. Ukimpa kiti anasimama, ukimwonesha kivuli anatoka juani, na asubuhi ile ya fainali alikuwa ameshauzunguka uwanja mara saba kabla wachezaji hawajafunga kamba za viatu. Wanafunzi wakamtania kwamba amekalia upupu. Wacheke tu. Wao wangemaliza chuo waende zao. Yeye alikuwa na uwanja wa kupoteza.

Uwanja wenyewe, huo mmoja tu wa Chuo cha Ualimu cha Mtakatifu Agapiti pale Mlabani, ulikuwa na wenyewe wawili. Mabruda wa zamani waliumwagia saruji wapate kuchezea tenisi. Lakini nioneshe mtu wa Ifakara atakayeona saruji pana, inayopigwa na jua kutwa nzima, asiwaze mpunga. Kila msimu wa mavuno Mkuu wa chuo, Mzee Hermenegildi, alileta magunia yake yakaanikwa pale, mstari hadi mstari, na Kocha Tadei akawapeleka wachezaji wake kupiga mpira ukutani nyuma ya jiko. Miaka tisa hiyo. Timu ikianza kuiva, mpunga nao umeiva.

Na miaka yote tisa hakusema kitu. Huyu ni mtu aliyejifunza tenisi kwa kuwaokotea wakubwa mipira kule Morogoro, akiwapa kwa mikono miwili. Mbele ya mkubwa mdomo wake ulijua shikamoo na ndiyo mzee, basi. Hasira alikwenda kuimalizia nyumbani. Mkewe, Edna, alishachoka kusikiliza hotuba ambazo Mkuu hakuwahi kuzisikia.

Safari hii Mkuu alikuwa ametamka mwenyewe, mbele ya walimu wote: wakichukua kombe la vyuo, uwanja ni wa tenisi mwaka mzima. Wakilikosa, neti ing'olewe, pabaki pa kuanikia. Na kocha wa tenisi asiye na uwanja ni kocha wa nini?

Tegemeo lake lilikuwa Yosefina, msichana wa Sanje, mwenye mkono wa kushoto unaoukata mpira hadi ukalala. Bonde lote hili angemshinda yeyote. Yeyote, isipokuwa mwanamke wa makamo kidogo aliyejitokeza upande wa chuo cha Mlimba na kofia yake nyeupe. Yosefina alipomwona akapiga goti. Alikuwa Mwalimu Ritha, aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza, sasa karudi chuoni kujiendeleza. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, na Kocha Tadei akaanza kuuzunguka uwanja mara ya nane.

Mashindano yetu haya hayana mwamuzi. Kila mchezaji anaamua mipira inayoanguka upande wake: ukitua ndani anaucheza, ukitoka anapaza sauti, nje! Basi mpira wa kwanza wa Mwalimu Ritha ukatoka kiganja kizima. Yosefina akautazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaiacha pointi iende. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu je? Hivyo hivyo. Vumbi la mpunga lilikuwa bado limetanda juu ya saruji, kila mpira unaacha alama, hata wapishi waliokuja kutazama tu waliona. Mwalimu Ritha, kutoka ng'ambo ya neti, hakuona. Alicheza kwa haki yake.

Seti ya kwanza ikaenda. Ya pili ikafika nne kwa moja, nayo inaelekea kuleee. Kwenye mapumziko Kocha alimfuata Yosefina benchini. Akamuuliza kama haoni. Anaona. Sasa kwa nini hasemi?

"Kocha, nitamwambiaje mwalimu wangu nje?" Yosefina alikuwa karibu kulia. "Nje si tunamwambia kuku?"

Kocha Tadei alijua ni kweli. Huku kwetu nje anaambiwa kuku aliyeingia kwenye mpunga, au mbwa, au mtoto aliyevunja bakuli. Mtu mzima anaambiwa karibu. Kutoka atatoka mwenyewe akipenda. Miaka tisa alifundisha bega, goti na kiwiko, na neno lenyewe hakulifundisha. Angelifundishaje, wakati lilimshinda yeye mwenyewe? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Basi msalimie kwanza," akasema, bila hata kufikiri. "Mpe heshima yake, halafu mwambie ukweli wake."

Wakarudi uwanjani. Mpira wa Mwalimu Ritha ukapita mstari, ukaacha alama yake vumbini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Yosefina, goti akilikunja. "Nje."

"Marahaba," akaitikia Mwalimu Ritha. Shikamoo haiachwi ikaning'inia, na ukishaitikia utabisha nini tena? Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akacheka hadi akashika neti. Kuanzia hapo Yosefina alimwamkia mara tisa, akaitikiwa mara tisa, akachukua seti ya pili saba kwa tano na ya tatu sita kwa mbili. Mwishoni Mwalimu Ritha alimkumbatia, akamsuta kwa kuchelewa vile: neno lenyewe lina herufi tatu tu, na zote kamfundisha yeye.

Mkuu akaja na kombe mkononi, uso unang'aa. Getini nyuma yake guta lilikuwa limesimama, limejaa magunia. Akampongeza kocha sana, akasema ahadi ni ahadi. Ila kuna mpunga kidogo umelowa jana, magunia kumi na mawili, wa siku tatu tu, mwanangu, halafu uwanja ni wako.

Kocha Tadei alizijua siku tatu hizo. Ziliwahi kufika mwezi na nusu. Miguu yake, iliyohangaika tangu alfajiri, ikatulia.

"Shikamoo, Mkuu."

Walishaamkiana asubuhi, lakini mdomo wa Mzee Hermenegildi ulitangulia akili. "Marahaba."

"Mpunga nje."

Dereva wa guta, aliyekuwa ameanza kufungua kamba, akasita. Mkuu akamtazama kocha, akawatazama wanafunzi waliokuwa wakimsubiri, akatafuta la kusema. Lakini alikuwa ameshaitikia.