Pua Kwenye Upepo

Mvuke ulitoka kwanza kama uzi mweupe kwenye ukingo wa boneti. Warsame hakuuona. Mimi nilikuwa nimekwisha kunusa ile harufu nzito ya chuma kilichokosa maji, kwa maana miaka yote ya ndoa yangu nilikaa kwenye kiti kilekile, nikilisikiliza gari lilelile.

"Simama, shemeji. Limechemsha."

"Tukisimama, msafara unatuacha."

"Usiposimama msafara utatuacha vilevile, na injini itakufa."

Alisimama. Lori la askari na magari yaliyolifuata yakaendelea kuelekea Garissa, na vumbi lao likachukua muda kutulia. Miaka hiyo ya tisini, kwa sababu ya majambazi, hakuna aliyependa kuwa peke yake kwenye barabara ile. Tukabaki watatu: mimi, Warsame ambaye ni mdogo wa marehemu mume wangu, na jirani yangu Arbia, aliyekuwa nyuma ya pikapu chini ya turubai, amezungukwa na madumu ya maziwa ya ngamia aliyoyafunika magunia mabichi.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, katikati ya jilaal, ule ukame ambao hata mbuzi husimama kivulini bila kutafuna. Nilikuwa nimetoka eda karibuni, nimevua nguo nyeupe za mjane. Mume wangu, Mursal, aliniachia watoto na gari hili. Warsame aliniambia mbele ya wazee, "Shemeji, gari la ndugu yangu limekwenda naye. Yaliyobaki ni mabati." Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi Garissa. Akipewa gari, mimi na watoto tungehamia kwenye boma la baba yake, mbali huko malishoni, na shule yao ya Habaswein ingeishia hapo.

Niliomba safari moja tu. Maziwa yakifika Garissa yakiwa mazuri kabla ya adhana ya Magharibi, watu wakayanywa kwa futari, gari libaki na mimi niishi kwa biashara hiyo. Yakiharibika njiani, auze. Alikubali, na akasema ataendesha mwenyewe ili asiseme mtu kwamba alinihujumu.

Sasa alifungua boneti, akajifunga shuka mkononi, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Kumbuka mkono wa ndugu yako," nilisema.

Mkono ukasimama. Mursal alikuwa na kovu la mvuke kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko; Warsame ndiye aliyelipaka samli jeraha lile walipokuwa vijana.

Arbia alichungulia kutoka kwenye turubai. "Abaayo, dada yangu, dumu la maji ya gari limepasuka. Limelowesha miguu yangu tangu Modogashe, na mimi namshukuru Mungu kwa baridi."

"Na hukusema?" Warsame aliuliza.

"Nilidhani ni jasho lako, walaal, ndugu yangu. Unavyoliogopa gari hili."

Yalibaki maji ya namna mbili: birika kubwa la udhu, lililokuwa la Mursal, na galoni ndogo ya kufuturia. Warsame alilitazama birika, kisha akatazama jua. Adhuhuri ilikuwa imeingia.

"Haya ni ya swala," alisema.

"Mchanga upo. Tutatayamamu. Lakini kwanza ligeuze gari."

"Niligeuze wapi?"

"Tulikotoka."

Alinitazama kama mtu aliyesikia nimekubali kushindwa. "Unataka turudi?"

"Upepo unatoka huko. Tangu asubuhi unatusukuma mgongoni, injini haipati hata pumzi moja. Mursal alikuwa akiigeuza pua upeponi, halafu anaswali."

Tulilisukuma, injini ikiwa imezimwa, Arbia akitusaidia na kutukejeli, mpaka pua ikaelekea Habaswein na upepo ukaingia moja kwa moja kwenye rejeta. Tukapiga viganja mchangani, tukapaka nyuso na mikono. Warsame akasimama mbele, sisi nyuma yake.

Madereva wenzake walikuwa wakimcheka Mursal. Walisema ndiye msafiri pekee anayefupisha rakaa na kurefusha sijida, na kwamba kila siku anafika wa mwisho. Mimi nami nilingoja ndani ya gari mara nyingi, nimekwisha kuswali, nikimtazama paji la uso likiwa ardhini, boneti likiwa wazi pembeni yake.

Warsame alikuwa mtu wa swala ya haraka. Rakaa mbili za Adhuhuri zikapita, akaunganisha za Alasiri kama msafiri anavyoruhusiwa. Lakini kwenye sijida ya mwisho hakuinuka. Niliona mabega yake yakitikisika. Tangu mazishi hakuwahi kulia mbele ya mtu. Nikabaki paji la uso likiwa kwenye mchanga wa moto, nikiisikia injini ikilialia, tik, tik, kila mlio ukichelewa zaidi kuliko uliotangulia, mpaka ikanyamaza kabisa.

Alipotoa salamu, alikwenda moja kwa moja kwenye rejeta. Kifuniko kilifunguka kwa mguno mdogo tu. Akamimina birika polepole. Halikutosha. Arbia akaleta galoni bila kuombwa.

"Nitafuturu kwa maziwa. Nani amewahi kufa kwa maziwa ya ngamia?"

Tuliondoka hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho ili ivute moto wa injini, na moto huo ukatupiga magotini, sisi wenye saumu, midomo imekauka kama ngozi. Warsame aliendesha taratibu. Njia nzima hatukukutana na yeyote ila twiga. Aliongea mara moja tu.

"Kumbe alikuwa akiingojea injini."

"Alikuwa akiswali," nilisema.

Akafikiri kidogo. "Yote mawili," akasema.

Tuliingia Garissa jua likiwa bado juu ya miti ya mtoni. Nilifungua dumu la kwanza, nikanusa: moshi mtamu wa kuni tulizofukizia madumu, na maziwa. Mnunuzi wa gari alikuwa amesimama mlangoni kwa ua wake, kiganja usoni kukinga jua. Warsame alimpungia mkono na hakupunguza mwendo.

Sokoni, wanawake wenye bakuli walianza kutusogelea kabla hatujasimama. Warsame aliwaomba wampishe. Alizunguka nusu duara, akaiweka pua ya gari upepo ulikotoka, ndipo akazima.