Saa ya Mzee Laurian

Stefano alikuwa amemwuliza Klara jambo moja tu: angekubali aende kwao Dodoma kumposa? Ilikuwa mwaka 2003, wanazungumza kwa kompyuta, na kesho yake saa nne asubuhi wazee wa bwana mwingine walikuwa wanakwenda huko huko. Kioo kikaonyesha Klara anaandika. Mtandao ukakatika. Mara ya tatu siku hiyo, jamani!

Fundi wa duka lile la intaneti pale Manyoni alikuwa Stefano mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumfokea. Akaikagua kompyuta kubwa ya Unix, ambayo mawasiliano yote yalipitia. Ndani yake kulikuwa na firewoli, inayokumbuka nani anazungumza na nani. Ukinyamaza muda mrefu, inakusahau. Na yeye, dakika moja kabla, alikuwa ameona saa ya kompyuta hiyo iko nyuma kwa saa tano, akaisogeza mbele. Kumbe! Firewoli ikaona watu wote wamenyamaza tangu asubuhi, ikawafuta. Stefano alikuwa amejikata mwenyewe, mara tatu.

Lakini nani alikuwa anairudisha nyuma? Akamfuata mwenye duka, Mzee Laurian, stesheni masta mstaafu.

"Shikamoo mzee. Nani anagusa saa ya kompyuta?"

"Marahaba. Mimi, kila treni ikipita, kwa ile amri uliyonifundisha. Hii iliyopita sasa, ratiba inasema ni ya saa nne asubuhi, basi ni saa nne."

"Mzee, treni imechelewa! Sasa hivi ni saa tisa!"

"Miaka thelathini na moja kituoni, sijaandika hata siku moja kwamba treni imechelewa."

Klara akarudi mtandaoni. Honi ya treni nyingine ikalia, mzee akainuka, saa ikawa asubuhi tena. Vidole vya Stefano vikamwasha kuisahihisha. Maskini, huyu ni mtu ambaye hata kalenda ya jirani isiyofunuliwa mwezi mpya humnyima raha. Lakini akiisogeza tu, Klara atafutwa tena; akaikalia mikono yake.

Jibu likaingia: "Ndiyo! Njoo kesho na mzee wako, muwatangulie wale."

Stefano alipiga ukelele mpaka wateja wakasimama. Mzee Laurian akamkumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Mzee wako ni mimi, mwanangu. Tutapanda treni ya alfajiri. Haichelewi."

Stefano akamshukuru kwa heshima zote, kisha akatimua mbio hadi stendi kukata tiketi mbili za basi.