Kobla Iliyokorogwa

"Hivi Arvilla, wewe ukimpikia mtu, unataka ale au unataka akusamehe?"

Swali hilo jirani yake, Thelma Beal, alimwuliza siku moja jikoni kanisani, walipokuwa wakiosha vyombo baada ya mlo wa maharage wa Jumamosi. Aliliuliza kwa mzaha tu, kitambaa mkononi, na jibu hakulingoja. Thelma ni mtu wa kusema na kusahau. Arvilla ndiye aliyekaa na swali hilo miaka minne, na leo lilikuwa limeamka naye, likamfuata mpaka mezani alipokuwa akipima unga.

Ilikuwa Ijumaa, katikati ya Agosti. Saa tisa alasiri shemeji yake, Merle Dorr, angekuja kuaga. Jumatatu Doreen, binti wa Merle, alikuwa anamchukua kwenda kuishi naye Florida, na mzee wa miaka sabini na tisa akishahamia Florida, hapa Maine harudi ila ndani ya sanduku. Kwa hiyo lile alilotaka kumwambia lingesemwa leo, au lisisemwe kabisa.

Maneno yenyewe aliyajua. Alikuwa amemwambia Mungu mara nyingi, magoti yakiuma, na Mungu alimsikiliza bila kumkatiza. Lakini aliyekosewa alikuwa pia binadamu mwenye miguu miwili na kofia, na huyo alikuwa hajaambiwa.

Miaka kumi na miwili nyuma Harlan, mume wake, na Merle ndugu yake walikuwa bado wakivuna shamba moja la baba yao, kila mtu nusu yake. Bluberi za mwitu, matunda madogo ya buluu, hazipandwi kwa mistari. Zimetanda chini juu ya vilima kama zulia, kwa hiyo kabla ya mavuno mpaka huvutwa kwa kamba nyeupe, kutoka jiwe hadi jiwe. Kamba ikishafungwa haiguswi. Mtu anaweza kuingia jikoni kwako bila hodi akajikatia mkate, ila kamba yako ataikwepa kama anavyokwepa nyoka.

Asubuhi ile Arvilla alitangulia shambani, akaikuta kamba imelala chini. Labda kulungu alipita nayo. Akaiokota, akaifunga upya kwenye jiwe, akaenda kuchemsha kahawa ya wavunaji. Jiwe hilo halikuwa lenyewe. Wavunaji wakainama na mareki yao ya meno ya kuchumia, wakafuata kamba, na kufika adhuhuri kipande kinono kuliko vyote cha Merle kilikuwa ndani ya masanduku ya Harlan. Merle akamwita ndugu yake mwizi mbele ya watu. Harlan, ambaye kamba hakuigusa, akamwita mwongo. Arvilla alikuwa amesimama palepale, birika mkononi, na alikuwa ameshaelewa. Akasema moyoni, ngoja kwanza wapoe.

Hawakupoa. Harlan alifariki mwaka wa tisa baada ya ugomvi. Merle alikuja kwenye ibada ya mazishi, akasimama karibu na mlango, akaondoka kabla ya chakula.

Arvilla aliyeyusha siagi ndani ya bakuli la kuokea. Akachanganya unga, sukari, hamira ya keki, chumvi kidogo na maziwa, akaumimina uji huo mzito juu ya siagi, kisha akamwaga bluberi juu yake. Baada ya hapo kazi ya mkono imekwisha. Kobla, keki hii ya matunda, haikorogwi. Unaiingiza kwenye oveni jinsi ilivyo, unga unapanda wenyewe katikati ya matunda, unatoka na ganda la dhahabu juu na utamu chini. Mtoto wa miaka saba anaweza.

Lakini oveni ilikuwa haijapata moto wa kutosha, na yeye hakuweza kukaa. Aliosha chujio lililokuwa safi. Akaenda dirishani, barabara ilikuwa tupu. Akarudi, akaanza kuokota majani kwenye bluberi alizokuwa amekwisha kuzichambua mara mbili. Akaenda dirishani tena. Aliporudi mawazo yalikuwa shambani, kwenye lile jiwe, na mwiko ulikuwa ndani ya bakuli ukizunguka.

Thelma aliingia kwa mlango wa nyuma na kopo la aiskrimu, akachungulia bakuli lililogeuka zambarau.

"Umeikoroga."

"Nimeikoroga."

"Mwenzangu, miaka hamsini unaoka kobla."

"Hamsini na miwili."

"Merle akiiona atasema akili zimeanza kukuruka."

"Aseme. Tia hiyo kwenye friza, Thelma, uende zako. Leo sina mdomo wa kuongea."

"Na huyo anayekuja utaongea naye kwa mkono?"

Arvilla alimfungulia mlango. Saa ilikuwa nane kasorobo, na bluberi nyingine hazikuwepo. Akaiingiza kobla kwenye oveni ilivyo.

Merle alifika mapema. Amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akala kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Kobla yako imelala, shemeji."

"Imelala."

"Marehemu mama angekupiga na huo mwiko."

"Angefanya vizuri."

Merle akatabasamu kidogo. "Doreen anasema huko Florida machungwa yanamwangukia mtu kichwani. Huinami hata mara moja. Nikamwambia, sasa mgongo utaniuma kwa kazi gani?"

Arvilla alikuwa amesimama. Alikuwa amefuta meza mara tatu tangu mgeni akae. Aliona akingoja amalize kula, atangoja avae kofia, kisha atangoja awashe gari.

"Merle, ile kamba niliifunga mimi."

Kijiko kilisimama.

"Niliikuta chini alfajiri. Nikaifunga kwenye jiwe lenye ufa. Ilitakiwa lile la juu yake."

"Lenye ufa," Merle alisema polepole.

"Ndiyo."

"Harlan alijua?"

"Hakujua. Amekufa hajui."

"Basi alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli."

Merle alilitazama dirisha. "Nilimwita mwizi. Ndugu yangu. Tumekaa kanisa moja miaka tisa, namwangalia kisogo, namwimbia Mungu, na huku nasema moyoni, mwizi huyo. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa nao. Niliogopa, na kila mwaka ulivyoongezeka niliogopa zaidi. Nakuomba radhi. Yeye pia ningemwomba, lakini nimemchelewea."

Oveni ilikuwa ikipoa, ikilia kidogo. Arvilla alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Alitamani Merle amtukane.

Merle alivuta sahani karibu. Alikula kilichobaki, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikawa tupu. Akainuka kwa kushika meza, akarudisha kiti mahali pake. Kofia aliichukua lakini hakuivaa. Alifungua mlango wa wavu, akashuka ngazi, akalipita gari lake, akashika kijia cha kupanda makaburini, kwa Harlan.