Kibanio cha Pilipili

Siku ya wazazi nilikwenda shuleni roho mkononi. Mwalimu mkuu alishaniambia, macho juu ya miwani: "Mama, mtoto wenu akipiga mwenzake tena, mtamtafutia shule nyingine." Mtoto mwenyewe ni binti wa kaka yangu, yuko darasa la pili, na nyumbani tunamwita Pilipili. Hatukumwonea. Mkono wake mwepesi, kama wa shangazi yake.

Mwalimu wao wa darasa, kijana mpole, aliwatafutia dawa. Alifunga kamba ukutani, akaniomba vitambaa vitatu kutoka kibanda changu cha ushonaji: njano ya furaha, bluu ya huzuni, nyekundu ya hasira. Kila asubuhi mtoto anabana kibanio chake cha nguo kwenye rangi ya moyo wake, anasema kwa nini. "Hasira si kosa," aliwafundisha. "Kosa ni ngumi." Mimi nilicheka. Vibanio vya nguo vimtulize Pilipili? Thubutu!

Basi, mama yake ni muuguzi, anafanya kazi mbali, na aliahidi kuja siku hiyo. Asubuhi akapiga simu: amenyimwa ruhusa. Pilipili hakulia. Alinirudishia simu, akavaa viatu, akanuna njia nzima. Alipofika darasani alibana kibanio kwenye nyekundu, akatoka na wenzake kuwapokea wageni.

Tulipoingia, wazazi tulijibana kwenye viti vya watoto, magoti karibu na videvu. Mwalimu mkuu akaionyesha kamba. "Tazameni, wote wana furaha!" Kweli, vibanio vyote vilikuwa kwenye njano. Pilipili akaona chake, uso ukamvimba. Na yule jirani yake wa dawati, mchokozi huyo, hakuweza kunyamaza: "Mama yake hajaja, na bado eti ana furaha!"

Ngumi ikapanda. Mungu wangu! Nikataka kumrukia nimshike, lakini kile kiti kilikuwa kimeninasa.

Ngumi ikabaki hewani. Pilipili akavuta pumzi, akashusha mkono. Akaenda mbele, akapanda kwenye kiti, akang'oa kibanio chake na kukibana kwenye nyekundu, ta!

"Nimekasirika," akasema, sauti inatetemeka. "Mama aliahidi kuja, hajaja. Na kuna mtu amehamisha kibanio changu. Sitaki kumpiga mtu. Nataka tu nikasirike kidogo."



"Ni mimi niliyevihamisha," mwalimu wake akasema, kichwa chini. "Niliogopa wageni. Nisamehe, mwanangu."

Mara yule mchokozi akainuka, akapeleka chake kwenye bluu. "Hata baba yangu hajaja," akasema, na machozi yakamtoka. Pilipili akashuka, akamsogelea, akamshika bega. Kwa mkono uleule wa ngumi! Wenzao nao wakaikimbilia kamba, kila mmoja na lake.

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta sana. "Mama," akaniambia, "huyu mtoto haendi shule nyingine yoyote. Tunamhitaji hapa."

Nikaruka juu kushangilia, na kiti nacho kikaruka na mimi, kimening'ang'ania nyuma. Darasa zima likaangua kicheko. Pilipili alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akapanda tena, akakihamishia kibanio chake kwenye njano mwenyewe.