Mkono wa Kushoto Ulibaki Nje

Usiku wa jana niliota niko ibadani, na Mzee Kajiru amesimama wakati wa matangazo kutujulisha kwamba ameshinda udiwani. Uchaguzi wenyewe ulikuwa bado kesho yake, lakini hakuna aliyeshangaa. Mzee Kajiru ni mzee wa kanisa, ni mgombea, na ni mtu wa kuwahi.

"Wapendwa," akasema, "usharika ni mwili mmoja, kwa hiyo na kura yetu ni moja. Atakayempigia yule Bi Zaina wa upande wa msikitini, asiisogelee meza ya Bwana. Na kama ni kiongozi wa akina mama, uongozi auache."

Akanitazama mimi. Mwenyekiti wa akina mama ni mimi, na mume wangu, Baba Ndekirwa, ndiye anayembebea Mzee Kajiru kipaza sauti kwenye kampeni. Roho iliniuma. Kikombe cha meza ya Bwana si cha chama, na sikuwa tayari kukikosa kwa sababu ya diwani.

Aliposhuka, alimpa mkono mjane wa mbele. Tarumbeta la kanisa, lililotundikwa ukutani, likalia lenyewe: paa! Akamwokotea mtoto kofia: paa! Akamfutia mgeni vumbi kwenye benchi: paa!

"Unisamehe, mama," tarumbeta likaniambia, likihema. "Kila akitenda wema lazima nilie."

"Imeandikwa lisipigwe mtu akitenda wema," nikalikumbusha.

"Hiyo mwambie yeye. Mimi nimepewa mdomo tu."

Nikatoka nje, na nje ni darasa la tatu la shule ya msingi, penye kituo cha kupigia kura. Foleni inatembea vizuri. Karani ameshika Biblia badala ya daftari la wapiga kura.

"Kadi," anasema. Ninampa. "Na mkono wa kushoto."

"Wa nini?"

"Unabaki nje. Usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Mathayo sita."

"Aya hiyo ni ya sadaka," ninamwambia, maana sikubali kufundishwa Biblia na mtu wa uchaguzi.

"Na kura ni nini, mama? Ukishaitoa, si yako tena. Unamwachia Mungu na wanaohesabu."

Nikauvuta mkono wa kushoto, ukachomoka bila maumivu, kama karoti kwenye udongo wa mvua. Nikauweka kwenye benchi la barazani.

"Usiende mbali," nikauambia.

"Niende na miguu ya nani?" ukajibu.

Kituturi cha kupigia kura kilikuwa cha boksi, kama vituturi vyote, lakini nilipoingia nilijikuta katika chumba cha marehemu mama yangu, kile alichokuwa akisalia alfajiri. Kitanda kilekile cha kamba, na moshi uleule wa jikoni. Nilitaka kulia.

"Funga mlango," kituturi kikasema.

"Wewe ni boksi. Mlango uko wapi?"

"Funga tu. Mimi ni chumba cha ndani. Hapa anaona Baba wa mbinguni peke yake."

Nikafunga, na ufunguo ukageuka. Kalamu ikaniuliza inaandika kwa niaba ya nani: ya usharika, ya chama, au ya Baba Ndekirwa.

"Kwa niaba ya Nakijwa," nikasema, "aliyebatizwa kwa jina lake, si kwa jina la mume wala la chama." Nilijisikia mrefu hata kichwa kikagusa dari.

Kwenye karatasi ya kura, picha zote mbili ziko macho. "Bwana Yesu asifiwe, Mama Ndekirwa," anasema Mzee Kajiru. "Asalaam aleikum, jirani," anasema Bi Zaina. Ninawaitikia wote wawili, kila mmoja kwa yake, kama nilivyolelewa.

"Nawaulizeni neno moja," nasema. "Siku ambayo hakuna wa kuwatazama, mtatufanyia nini?"

Mmoja alijibu haraka sana. Mwingine alifikiri kwanza. Nikampigia mmoja wao. Yupi, hata wewe unayesoma sikwambii.

Nilipotoka, baraza la shule limekuwa kanisa tena. Na kwenye mabenchi, toka mbele mpaka mlangoni, imeketi mikono ya kushoto ya usharika mzima. Kila mmoja una sahani ya pilau. Mzee Kajiru anapita akiongeza nyama.

"Kula, utakumbuka," anaubembeleza wa kwangu. "Mwenzako kampigia nani?"

"Sijui, mzee. Niliachwa nje."

"Onja na hii minofu."

"Mzee, tangu nizaliwe sijawahi kupewa chakula. Kazi zangu unazijua. Pilau tamu kweli, Mungu akubariki. Ila sijui."

Akauliza wa pili, akauliza wa tatu. Benchi zima linatafuna, benchi zima halijui. Tarumbeta likajaribu kulia, ukatoka upepo mtupu.

Akanigeukia. "Mama Ndekirwa, si tulisema mwili ni mmoja?"

"Ni mmoja, mzee, na kichwa chake ni Kristo. Wewe ni kiungo, kama sisi."

Mikono yote ya kushoto ikataka kupiga makofi. Haikuweza, kila mmoja ukiwa peke yake, kwa hiyo ikapiga mabenchi. Ee, nilijivunia usharika wangu! Nikaokota mkono wangu, nikaupachika, nikaenda zangu moja kwa moja kupiga magoti kwenye meza ya Bwana.

"Mama Ndekirwa, amka! Watu wameshapanga foleni."

Ni Baba Ndekirwa, amekwisha kuvaa kofia ya kampeni ya Mzee Kajiru. Akanishika mkono kuniinua, kisha akaunusa.

"Mbona unanuka pilau? Jana si tulikula makande?"

Nikautazama. Chini ya ukucha wa kidole gumba cha kushoto kulikuwa na punje ya wali, ya kahawia, yenye mafuta.

"Umekula pilau ya nani?" akauliza.

"Uulize wenyewe," nikamwambia, nikauacha mikononi mwake.

Na kweli, yule mwanamume akafunga mlango, akauinamia, akauuliza kwa sauti ya chini mkewe atampigia nani. Alisubiri sana. Kisha akavua kofia, akaiweka kitandani, akaniuliza kama tunaweza kwenda pamoja.