Ukurasa kwa Ukurasa

Maandishi yalipita kwenye skrini mbio, kama maji ya bomba lililopasuka, kisha yakakoma. Dada aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Mistari michache iliyosalia chini aliiona safi, akanyoosha mkono apitishe kazi.

Akausitisha. Mwanzo uko wapi?

Alipandisha juu, juu zaidi, akagota. Dirisha la kompyuta lilikuwa limeutupa mwanzo kwa kukosa pa kuuweka. Nusu ya mabadiliko hakuyaona, na alibakiza kitufe kimoja tu ayape baraka zake. Programu yenyewe ilikuwa ya hospitali, ya kukokotoa dozi za watoto.

Ofisini wote walimwita Dada, kwa kuwa aliwatangulia kwa umri. Mwenzake, waliyempachika jina la Umeme, aliandika programu, yeye alikagua. Walitumia akaunti moja, hivyo alichopanga mmoja kilimpata na mwingine. Tangu zamani, programu ya kutunza mabadiliko ya kazi yao ilisimama kila skrini ilipojaa, ikangoja mtu abonyeze ndipo ilete ukurasa mwingine, na mwisho ukifika ikautangaza. Asubuhi hiyo Umeme aliuzima utaratibu huo. "Kusimamasimama huku kama gari bovu kunanichosha," alisema, na Dada akacheka naye.

Angesema nini? Nuru ya macho ilikuwa ikimpungua. Alikuza herufi, akageuza meza ielekee mlango ili mtu asipite nyuma yake. Aliona aibu, na kuliko aibu, aliogopa: mkaguzi asiyeona ni wa kazi gani? Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema kwamba kifo chenyewe huenda kikawa cha mtoto wa mwenzio.

"Umeme, hebu njoo."

"Umeshapitisha, Dada?"

"Bado. Nusu sijaiona. Macho yangu yanaharibika, mdogo wangu. Maandishi yakipita mbio vile, naachwa."

Umeme alizitazama zile herufi kubwa kama za bango. "Mimi nilidhani meza uliigeuza kukwepa mwanga wa dirisha," alisema taratibu. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi, na wewe husimami?"

Walicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali.

"Basi narudisha kama zamani."

"Hapana, utanuna bure. Andika hivi: kinachotosha kwenye skrini kipite, kinachozidi kisimame."

Umeme aliandika, kisha akayaita mabadiliko upya. Skrini ikajaa, ikatulia. Dada alisoma. Umeme, kwa mazoea, akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Ngoja," Dada alisema.

Neno dogo, lakini tangu macho yaanze kumsaliti hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Umeme akaurudisha mkono. Ukurasa ukafuata, na mwingine, kila mmoja kwa ruhusa ya Dada, hadi kidole chake kilipokita kwenye mstari.

"Hapa dozi umeizidisha kwa uzito wa mtoto. Na kule chini umeizidisha tena."

Umeme aliusoma mstari, akaurudia. Mtoto angepewa dozi mara kadhaa ya inayotakiwa. Aliurekebisha.

"Bosi utamwambia?" aliuliza baadaye. "Kuhusu macho?"

"Nitamwambia leo, kwa mdomo wangu. Akinitoa, atanitoa. Kwanza tumalize."

Umeme alivuta kiti, akakaa kando yake, mikono magotini.

"Soma, Dada," alisema. "Nipo."